Pima volti, pima ampea: wati na omu utazipata mwenyewe

Haipiti wiki kwenye meza yangu hapa Mwanga, Kigoma, bila swali lilelile kurudi likiwa limebadilisha shati tu. Mvuvi wa Kibirizi anauliza kwa nini betri inamkatikia ziwani saa nane usiku wakati muuzaji alimwapia kwamba itafika alfajiri. Kijana anayejifunza ufundi anauliza aweke fyuzi ya ampea ngapi. Mama wa saluni anataka kujua ni kifaa gani kinachomlia uniti. Wote watatu jibu lao liko kwenye hesabu mbili, kuzidisha mara moja na kugawanya mara moja. Nimechoka kuzichora kwenye vipande vya katoni, nimeziandika hapa.

Nikuonye mapema: hesabu ndiyo sehemu rahisi, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Shughuli iko kwenye kupata namba mbili za kweli za kuanzia. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha taa na namba inayotoka taa ikiwa inawaka mara nyingi hazijuani hata kwa salamu.

Uwe na nini

- Mita ya kupimia umeme. Ile ya njano ya bei ya chini, inayoning'inia kwenye kila duka la vifaa vya umeme, inatosha kabisa kwa kazi hii, ilimradi betri yake ya volti 9 ni nzima.
- Betri ya volti 12, ya pikipiki au ya sola.
- Kitu cha kupima. Anza na balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, ile yenye waya ndani. Taa ya LED itafuata.
- Vipande vya waya vyenye klipu, na kisu cha kumenyea.
- Fyuzi ya ampea 10 pamoja na kishikio chake. Najua utataka kuiruka. Usiiruke.
- Daftari, kalamu, na simu ya kupigia hesabu.

Usianzie kwenye umeme wa ukutani. Volti 230 haimjui mwanafunzi wala mwalimu. Fanya kila kitu kwenye betri mpaka mkono uzoee. Ukutani tutafika mwishoni, na tutafika bila kugusa waya wenye umeme.

Nadharia, kwa ufupi wa kidole

Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Omu ni ubishi wa njia, ule ambao vitabu vinauita ukinzani. Wati ni kasi ya kazi inayofanyika: mwanga, joto, mzunguko wa feni. Vitabuni zinaandikwa V, I, R na P. Ile I huwatatiza wengi kwa sababu haifanani na neno lolote la ampea. Imetoka kwa Wafaransa, tangu enzi za Ampère, kwenye neno lao la ukali wa mkondo. Ishike tu hivyohivyo.

R = V ÷ I
P = V × I

Kanuni ya kwanza aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, na kwa vitu kama waya na koili za joto haijabadilika hata kidogo. Yametosha, tufanye kazi.

Hatua kwa hatua

1. Chora jedwali kwanza. Safu tano: kifaa, volti, ampea, omu, wati. Namba iandike palepale unapoisoma. Namba inayotunzwa kichwani huwa imeshageuka inapofika kwenye karatasi, nami nimeshauza betri isiyomfaa mteja kwa uvivu huo.

2. Kagua mita. Ncha nyeusi iingie kwenye tundu la COM, nyekundu kwenye tundu lenye alama za V na Ω. Zungusha swichi hadi omu 200, kisha gusanisha ncha mbili. Utaona namba ndogo, kama 0.3 au 0.8. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe; uandike pembeni, utautoa baadaye unapopima vitu vyenye omu chache. Ukiona 1 peke yake imesimama kushoto, njia imekatika. Kwa mita hizi za bei nafuu, waya hukatikia ndani ya plastiki, pale unapoingia kwenye plagi yake. Ukunjekunje huku unaangalia kioo, utakuonyesha.

Sasa weka swichi kwenye volti 20 za DC, yaani umeme wa betri, pima betri ikiwa haina mzigo. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma chini ya 12, ichaji kwanza, la sivyo utakuwa unapima uchovu wa betri, si taa.

3. Funga mzunguko. Kutoka chanya ya betri nenda kwenye fyuzi, kisha kwenye balbu, kisha rudi hasi. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na balbu, kwa sababu waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Washa, subiri dakika mbili. Balbu inapopata moto na betri inapotulia, namba nazo hutulia.

4. Pima volti kwenye miguu ya kifaa. Taa ikiwa inawaka, gusa ncha moja upande huu wa balbu na nyingine upande wa pili. Wengi hupima kwenye betri kisha wanadhani wamepima taa. Kati ya betri na taa kuna waya, fyuzi, swichi na maungio, na kila kimoja kinamega chake njiani. Utaona mfano wa mvuvi hapa chini.

Balbu yangu ya pikipiki imesoma 12.1.

5. Pima ampea, taratibu. Hapa ndipo mita nyingi zinapofia. Zima kwanza. Hamisha ncha nyekundu kwenda kwenye tundu la 10A, kisha zungusha swichi hadi 10A. Fungua muungano mmoja upande wa chanya, baada ya fyuzi, uweke mita katikati ya pengo: umeme uingie kwa ncha nyekundu, utokee kwa nyeusi, uendelee kwenye balbu. Mita sasa ni sehemu ya waya. Washa, soma, zima. Kwenye mita nyingi za njano tundu hili halina fyuzi ndani, na wameandika kabisa kwamba usizidishe sekunde 10. Wamesema kweli.

Balbu yangu: 2.8.

ONYO. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili za kitu. Ampea haipimwi hivyo kamwe. Ukigusa chanya na hasi za betri huku ncha nyekundu ikiwa kwenye 10A, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza, fundi wangu aliniambia nikamsomee volti za betri ya lori. Dakika tano kabla tulikuwa tumepima ampea, na ncha nilikuwa sijairudisha. Nilisikia "pwaa", ncha ya chuma ikabaki fupi kuliko mwenzake, mpira wa waya ukalainika kama ubani, na karakana nzima ikanuka. Mzee hakunipiga. Alikata pesa yangu ya chakula cha mchana kwa wiki tatu, mita ikanunuliwa. Tangu siku ile, nikimaliza kupima ampea, kitu cha kwanza ni kurudisha ncha nyekundu mahali pake, kabla hata sijaandika namba. Nawe zoea hivyo.

Ikiwa tundu la 10A limeshakufa, kuna njia ya pembeni ambayo mimi binafsi naipenda zaidi. Nunua rezista ya omu 0.1, ile nyeupe ya kauri ya wati 5. Ifunge kwenye njia ya chanya, kisha pima volti kati ya miguu yake miwili kwa kipimo cha 2000 m. Ukisoma milivolti 280, gawanya kwa 100, umepata ampea 2.8. Kwa nini? Kwa sababu I = V ÷ R, na 0.28 ÷ 0.1 ni 2.8. Mita inabaki kwenye volti muda wote, haina cha kuungua.

6. Weka vizio sawa. Mita ikiwa kwenye milliampea, gawanya kwa 1000 kabla ya kufanya lolote. 350 mA ni 0.35 A. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alipima kitaa kidogo kwenye betri ya pikipiki, akazidisha 12.4 kwa 350, akaniletea jibu la wati 4,340 bila hata kushtuka. Kwa wati hizo ungechemsha birika mbili za chai kwa pamoja. Jibu lilikuwa 4.34. Kila unapopata jibu, jiulize kwanza kama kitu hicho kinaweza kufanya kazi hiyo.

7. Zidisha upate wati. 12.1 × 2.8 = 33.88. Sema 34. Kibandiko cha balbu kinasema 35, kwa hiyo huyu hakudanganya.

8. Gawanya upate omu. 12.1 ÷ 2.8 = 4.32.

Hapa kuna mtego mkubwa. Mwanafunzi mjanja atasema: kwa nini nisichomoe balbu nikapima omu moja kwa moja? Jaribu. Balbu ileile ikiwa baridi, nikitoa ukinzani wa nyaya za mita, inanipa kama omu 0.4. Ukichukua namba hiyo ukapiga hesabu ya wati, volti mara ampea, na ampea ni V ÷ R, yaani 12.1 × 12.1 ÷ 0.4, unapata 366, uongo mtupu. Waya wa ndani ya balbu ni wa tangsteni, na tangsteni ikipata moto ukinzani wake hupanda mara kumi na zaidi. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale unapowasha, si zikiwa zinawaka. Omu za balbu zipate kwa kugawanya volti na ampea ikiwa inawaka, si vinginevyo.

Kwa taa ya LED, omu usihangaike nazo kabisa. LED haifuati kanuni ya Ohm. Ukibadilisha volti kidogo, omu ulizozipata jana leo si zake. Wati zake zipate, zinafaa. Omu zake ziache.

9. Hakiki kwa mlango wa nyuma. Zidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu: 2.8 × 2.8 × 4.32 = 33.87. Ikikubaliana na hatua ya 7, vidole vyako havikukosea kwenye simu. Haithibitishi kwamba ulipima vizuri, hilo nalo ulijue. Ukikosea kusoma mita, hesabu itakubaliana na kosa lako kwa adabu zote.

10. Chagua fyuzi. Chukua ampea ulizopima, ongeza robo, panda hadi fyuzi ya karibu inayouzwa. 2.8 na robo yake ni 3.5, kwa hiyo fyuzi ya 5. Fyuzi isizidi uwezo wa waya. Waya mwembamba wenye fyuzi ya 30 ni waya usio na fyuzi.

Taa za mzee wa Kibirizi

Huyu alikuja asubuhi, ndoo mkononi, harufu ya dagaa imemtangulia mlangoni. "Mwakeye, fundi. Taa zako hizi zitaniua njaa." Si zangu, sikumuuzia mimi, lakini mzee ni mzee, nikamkaribisha kigoda.

Taa mbili za LED, kila moja kibandiko kinasema wati 100. Betri N70, yenye lebo ya Ah 70, yaani ampea-saa 70. Waya kutoka betri nyuma ya mtumbwi hadi taa za mbele ni mita 9, waya wa milimita mraba 1. Malalamiko mawili: mwanga ni hafifu, na betri inakufa kabla ya saa nane.

Tulifunga kila kitu juu ya benchi, waya uleule na urefu uleule, tukawasha.

Volti kwenye betri: 12.3.
Volti kwenye taa: 11.1.
Ampea: 4.0.

Wati za taa mbili: 11.1 × 4 = 44.4. Yaani kila taa ni wati 22, si 100. Mzee aliguna. Nikamwambia amshukuru mwongo aliyebandika: zingekuwa wati 200 za kweli, betri ile isingefika saa tatu usiku.

Sasa tazama waya. Kati ya betri na taa zimepotea volti 1.2. Ampea zinazopita ni 4. Basi omu za waya ni 1.2 ÷ 4 = 0.3, na wati zinazopotea ndani ya waya ni 1.2 × 4 = 4.8. Anabeba betri kutoka nyumbani hadi mwaloni ili apashe waya moto!

Je, 0.3 ni haki au kuna muungano mbovu? Shaba yenye unene wa milimita mraba 1 ina omu kama 0.017 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 9 ni mita 18. 0.017 × 18 ni 0.306. Waya hauna ugonjwa, ni mwembamba tu. Ingetokea 0.6, ningeanza kutafuta muungano wenye ukungu wa kijani, na ziwani haukosekani. Tulimwekea waya wa 2.5, ule wanaofungia soketi za nyumba. Omu zikashuka hadi kama 0.12, na taa zikapata nusu volti na ushee zaidi. Taa zake ni zile zisizo na saketi ya kusawazisha, volti zikipanda mwanga unapanda. Aliona tofauti kabla sijamwambia.

Kuhusu betri: Ah 70 mara volti 12 ni wati-saa 840. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaichimbia kaburi, kwa hiyo tumia nusu: 420. Mzigo mzima, ukipimwa kwenye betri, ni 12.3 × 4 = 49.2. Gawanya: 420 ÷ 49.2 = saa 8 na nusu. Akiwasha saa moja usiku, nusu ya betri imekwisha saa tisa na nusu. Hiyo ni betri mpya. Yake ina msimu wa pili, saa nane ni halali yake kabisa.

Anataka saa 11 alfajiri? Hizo ni saa 10. 49.2 × 10 = 492, mara mbili ili tubaki kwenye nusu: 984. Gawanya kwa 12: Ah 82. Sokoni hakuna betri ya 82, atachukua ya 100. Enzi za karabai hesabu hii waliifanya kwa lita za mafuta ya taa, na walikuwa hawakosei. Betri imekuja na kibandiko, watu wakaacha kuhesabu.

Ukutani, bila kushika waya

Usichomeke mita hii ya njano kwenye umeme wa nyumbani ikiwa kwenye ampea. Sitaki hata kueleza ingefanywaje. Kuna njia mbili safi.

*Kwa vifaa vya joto: pasi, birika, jiko la koili.* Kichomoe ukutani kabisa. Kizungushie hadi moto wa juu kabisa, mita iweke kwenye omu 200, pima kati ya pini mbili za plagi, zile zisizo za ethi. Pasi yangu inasoma 53. Koili zake ni za nikromu, ambazo baridi na moto hazitofautiani sana kama tangsteni, kwa hiyo namba inaaminika.

Ampea: 230 ÷ 53 = 4.34.
Wati: 230 × 230 ÷ 53 = 998.

Pasi ya wati 1000, sawasawa. Hesabu hiyohiyo inaeleza kitu ambacho sisi tuliokuwepo Kigoma miaka ya jenereta za dizeli tunakijua mwilini: jioni umeme ukishuka hadi volti 190, pasi hii inakuwa 190 × 190 ÷ 53, yaani wati 681. Volti zimepungua chini ya moja ya tano, joto limepungua karibu theluthi. Pasi si mbovu, usiipeleke kwa fundi.

Njia hii usiitumie kwa friji, pampu wala feni. Koili ya mota ikisimama husoma omu chache, na hesabu itakupa wati za ajabu.

*Kwa kila kitu, hata friji: mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla.* Usoni mwake kuna kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni imeandikwa idadi ya imp (mimweko) kwa kWh moja, yaani uniti moja, kwa mfano 1000 au 1600. Zima vitu vyote, bakiza kimoja tu. Hesabu mimweko 10 kwa saa ya simu: sema "sifuri" kwenye mweko wa kwanza, "moja" kwenye wa pili, mpaka kumi. Gawanya sekunde kwa 10.

Mita ya 1000: wati = 3600 ÷ sekunde za mweko mmoja.
Mita ya 1600: wati = 2250 ÷ sekunde za mweko mmoja.

Mimweko kumi ikichukua sekunde 40 kwenye mita ya 1000, mweko mmoja ni sekunde 4, na kifaa kinakula wati 900. Kwa friji namba hii ni bora kuliko volti mara ampea, kwa sababu kwenye mota kuna pawa fakta: volti mara ampea hukupa zaidi ya wati unazolipia. LUKU inakupa zile unazolipia. Kama mita yako imefungwa juu ya nguzo, angalia kwa macho kutoka chini. Usipande.

Kutoka hapo kwenda kwenye shilingi ni hatua fupi. Wati 900 kwa saa mbili ni 1800, gawanya kwa 1000, uniti 1.8. Chukua risiti yako ya mwisho, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, umejua bei yako halisi ya uniti pamoja na makato yake yote. Zidisha.

Mambo yakigoma

*Ampea inasoma 0.00, taa haiwaki.* Mzunguko uko wazi. Angalia fyuzi yako, klipu, kisha kama ncha nyekundu iko kwenye 10A kweli. Kama ulitumia tundu la mA, yaelekea fyuzi ndogo iliyo ndani ya mita imeungua. Fungua skrubu za nyuma, inabadilishika.

*Kuna alama ya kutoa mbele ya namba.* Umegeuza ncha. Namba yenyewe ni sahihi.

*Betri zote unazopima ziko juu, hata iliyokufa inasoma 13.* Betri ya mita yenyewe imechoka. Mita hizi zikiishiwa nguvu husoma juu, si chini, na watu wengi wamenunua betri mbovu sokoni kwa mita ya namna hii. Badilisha ile ya volti 9 kwanza.

*Volti zinacheza, hazitulii.* Klipu ina kutu, au unapima karibu na chaja iliyowashwa. Kwaruza, chomoa chaja, rudia.

*Omu za pasi zinaonyesha 1 tu.* Njia imekatika. Anza na fyuzi iliyo ndani ya plagi, ile ya ampea 13. Halafu waya pale unapokunjwa kwenye mkia wa pasi. Koili iwe ya mwisho kushukiwa.

*Taa ya LED volti zikishuka ampea zinapanda.* Si kosa. Ina saketi ya kusawazisha inayojitahidi kubaki na wati zilezile. Taa hiyo itawaka vizuri mpaka betri inakaribia kuzimia, kisha itakata ghafla, kwa hiyo hesabu ya saa za betri iheshimu zaidi.

*Betri inasoma 12.6, ukiwasha taa inaanguka hadi 9.* Hiyo nayo ina hesabu yake. Zimepotea volti 3.6 ndani ya betri. Kama ampea ni 4, ukinzani wa ndani ni 3.6 ÷ 4 = omu 0.9. Betri nzima ya ukubwa wa N70 haifiki hata 0.05. Kabla hujaihukumu, kaza na ukwangue vichwa vyake, upime tena ukigusa risasi ya kichwa chenyewe badala ya klipu. Ikibaki 9, mtu asikuuzie chaja mpya.